Urugori Kwenye Paji la Mama Mkubwa

Nimechora miungu wa kike kumi na wawili, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumtazama bila kuona kinyaa. Sisemi hivi kwa ule unyenyekevu wa wasanii, wa kujishusha ili watu wakupandishe. Ninasema kinyaa chenyewe, kile cha kukuta unywele kwenye chakula ukiwa umeshakula nusu sahani. Wa mwisho kati yao ana uso wa mama yangu mkubwa. Huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake, ingawa nikimaliza huenda mkaniona mtu wa hovyo, na sitabisha.

Kabla ya miungu nilikuwa mchoraji wa mikono inayonawa. Anayeishi Kigali ameshaiona kazi yangu bila kujua ni yangu: mikono miwili chini ya bomba, povu la sabuni, matone matatu ya maji. Nimechora pia vyandarua, vyoo vyenye mifuniko, na mama anayenyonyesha huku akitabasamu utadhani hajawahi kung'atwa. Miaka kumi na moja nilichora hayo. Kwa hiyo bwana mmoja alipopanda ngazi hadi chumba changu cha kazi pale Nyamirambo, juu ya duka la mafundi cherehani, akaniita msanii hata kabla hajaketi, kichwa kilinivimba. Kupenda sifa ni ugonjwa, na mimi nilikuwa mgonjwa wa siku nyingi.

Bwana yule ni Mnyarwanda aliyekulia Kampala, mwenye maneno laini na viatu visivyojua tope. Alikuwa anafungua mgahawa karibu na Sonatubes, wenye ukumbi ghorofani, na alitaka kuta za ukumbi zijae miungu wa kike na wanawake wa hadithi za kale, kila picha iwe ndefu kama mlango. Ila alizitaka kwa mtindo wa giza. Alinionyesha mifano kwenye simu yake. Wanawake wenye macho meupe yasiyo na mboni. Machozi meusi, midomo iliyopasuka, ngozi yenye nyufa kama ukuta wa udongo. Na matiti, jamani, kila ukigeuka matiti.

"Nataka mtu akiingia aogope kidogo," alisema, "halafu aagize bia."

Nilimuuliza miungu wa kiume wako wapi. Akacheka, akasema wanaume hawavutii wateja. Hapo hapo nilipaswa kumrudisha kwa ngazi zile zile alizopandia. Badala yake nikamtengenezea chai.

Kitu kimoja tu nilikataa. Alitaka mafuvu yarundikwe miguuni pa mungu mmojawapo. Nilimwambia kwamba katika mji huu hatutundiki mafuvu mahali watu wanapokula brosheti, yaani mishkaki. Hakubishana, na hatukulizungumza tena. Ninalitaja kwa sababu ndilo jambo pekee katika kazi ile ninaloweza kulisema bila kuinamisha uso.

Nilianza na yule binti wa hadithi aliyejikata matiti ili aende vitani badala ya baba yake mzee. Mtoto yeyote wa hapa anaijua, na ni hadithi ya mtoto anayemwonea baba yake huruma. Bwana alinirudishia mchoro akiuliza damu iko wapi. Kisha akataka matiti yarudi, ati kwa ajili ya umbo. Nami, mwanamke mzima mwenye akili zangu, nikamchora binti aliyejikata matiti akiwa na matiti yake yote mawili, na damu juu yake. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa mteremko. Nilimchora mwanamke wa mvua. Nilimchora jini wa pwani mwenye kwato, yule ambaye wasichana wa shule yetu kule Ngara, Tanzania, walikuwa wakitishana naye chooni. Nilimchora mungu mke wa kaskazini, ambaye mama mkubwa hataki hata jina lake litajwe nyumbani, kwa sababu yeye ni Mkatoliki wa kupiga magoti lakini hafanyi mchezo na mambo ya wazee.

Nina udhaifu mmoja katika kazi: siwezi kubuni uso. Lazima mtu hai akae mbele yangu. Wake za mafundi wa chini walinikalia mmoja mmoja, wakichekana na kutaniana, na mwanamke wa mvua ni yule anayeuza maandazi mlangoni petu. Nilimchora kila mmoja kwanza kwa penseli, akiwa mtu. Kisha nilimwingiza kwenye kompyuta nikamharibu. Walijua wanachorwa. Kuhusu nyufa na macho meupe sikuwaambia, nikajitia hamnazo, nikasema moyoni kwamba mtindo ni mtindo.

Wa kumi na mbili alikuwa mungu wa ardhi na mavuno, mkubwa wa wote, na alihitaji uso wa mwanamke aliyekomaa.

Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Alikulia Bujumbura, akaolewa huko huko, akakaa kwa mumewe miaka tisa bila kupata mtoto, wakamrudisha. Neno ni hilo, wakamrudisha, kama sufuria ya dukani iliyoonekana kuwa na tundu. Mama yangu alipofariki kule Ngara nilikuwa na miaka minne. Mama mkubwa alikuja na sanduku moja, akanikuta nimelala na viatu, akanivua, na hajaondoka tena tangu siku ile. Alinilea Tanzania, tukarudi Rwanda pamoja, na hadi leo tunakaa nyumba moja. Lakini hakuwahi kuniruhusu nimwite mama. Nilipojaribu utotoni, aliacha alichokuwa akifanya, akanisahihisha kwa sauti ya upole: "Mama mkubwa." Nikaelewa kwamba pale kuna mlango umefungwa, nikaacha kuugonga.

Alinikalia asubuhi tatu mfululizo, karibu na dirisha, ungo wa njegere mapajani, akimenya.

"Utanichora na njegere zangu?" aliuliza.

"Hapana, Mama mkubwa. Utakuwa mungu."

"Mungu hapiki?" Alitupa maganda kwenye ndoo. "Basi watu watadhani nilikaa bure asubuhi tatu."

Mchoro ule wa penseli ulikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Na kwa kuwa alikuwa mungu wa mavuno, nilimvika urugori. Ni utepe wa kichwani unaotengenezwa kwa ganda la bua la mtama, wenye rangi ya asali, unaozunguka kichwa na kupita juu ya paji la uso. Nilikuwa nimeuona kwenye picha za zamani, na wacheza ngoma wa harusini nao huvaa kitu kinachofanana nao, nikadhani ni pambo la mwanamke yeyote mtu mzima. Sisi tuliokulia nje tumeijua nchi yetu kwa macho, kama watalii wenye vitambulisho vya taifa. Tunajua kitu kikoje, hatujui kinasema nini. Na mtu pekee ambaye angenifundisha maana ya urugori alikuwa na sababu yake ya kunyamaza, ila hilo nalo sikulijua.

Sikumwonyesha mchoro. Nilimwambia ataiona picha siku ya ufunguzi, ikiwa imekamilika. Halafu nikaketi mbele ya kompyuta, nikamfuta mboni.

Ninakumbuka mchana ule kwa aibu, kwa sababu haikuniuma. Nilidhani mkono utakataa. Thubutu. Mkono ulikwenda tu. Nilimtia weupe machoni, nikamteremshia machozi meusi hadi kidevuni, nikampasua mashavu. Mabega nilimwachia wazi, kifua nikakifunika kwa mizizi, nikajisifu moyoni kwamba nimemstahi. Bwana alipoiona akanipigia simu akisema hii ndiyo mama ya zote. Nilikula vizuri siku ile. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko machozi meusi, kwamba nilikula vizuri.

Picha zilichapishwa Masoro, kwenye karakana moja ya kuchapa mabango, juu ya turubai nene. Nilikwenda Jumatano kukagua rangi. Mashine ile huchapa kuanzia juu, taratibu, kwa hiyo mama mkubwa alianza kutoka nywele, kisha urugori, kisha paji. Dada aliyekuwa akiisimamia mashine alikuwa mtu wa maongezi. Aliutazama urugori ukitoka, akatabasamu.

"Huyu mama iko na batoto bangapi?"

"Hana," nilimjibu.

"Hata moja?"

"Hajazaa."

Tabasamu likafutika. Wakati huo macho meupe yalikuwa yanatokeza, lakini hakuyashangaa. Alinyoosha kidole kwenye utepe bila kuugusa. "Basi mulimuvalisha hii kwa nini? Urugori ni ya mwenye kuzaa. Anavaa kwa ajili ya batoto bake. Mwenye hana, havae." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa nguo ndani nje, ili ukajirekebishe kabla hujafika mbali.

Pale pale nilizielewa harusi zote tulizokwenda, ambako mama mkubwa alikuwa akitafuta kiti cha nyuma kila wazee wa kike walipoanza kutoka na tepe zao vichwani. Nilikuwa nikidhani anaogopa kelele za ngoma.

Nilimpigia bwana simu nikiwa bado nimesimama kando ya mashine. Nilimwomba picha hiyo isitundikwe, au niichape upya bila utepe. Alinisikiliza, akaniuliza tatizo ni nini hasa. Nikamweleza. Akasema, "Lakini hiyo taji ndiyo picha yenyewe. Nani anajua mambo hayo siku hizi?" Nikamwambia mwenye uso anajua. Akasema ufunguzi ni Jumamosi, kadi za mwaliko zimeshatumwa zikiwa na uso huo huo, na kwamba wasanii huwa tunaingiwa na hofu dakika za mwisho. Akakata simu kwa heshima zote. Sijawahi kumchukia mtu mstaarabu kiasi kile.

Zilibaki siku tatu. Mtu mwenye roho angekwenda nyumbani, akaketi, akasema: Mama mkubwa, nimekukosea, usije. Mimi nilianza kutunga uongo. Nilisema muziki utakuwa mkubwa mno. Nilisema watabiri wametabiri mvua. Nilisema ngazi za pale ni kali.

"Ngazi za Nyamirambo nimezipanda miaka yote," alijibu, "za Sonatubes ndizo zitaniua?"

Alikuwa ameshapiga pasi umushanana wake, lile vazi la kufunga begani analovaa Krismasi na kwenye harusi. Alikuwa pia ameshawaambia wanawake wanne wa jumuiya yake ya kanisani kwamba mtoto wa dada yake amemchora na watu wanaitundika picha hiyo ukumbini. Katika maisha yake yote nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza kualika watu waje wamtazame. Nilimwangalia akining'iniza vazi kwenye msumari, nikaenda uani nikasafisha banda la kuku ambalo lilikuwa safi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Waliozizunguka picha zile walikuwa vijana wa maofisini, wakitoa ndimi nje mbele ya miungu na kupigana picha. Mmoja aliinua chupa yake ya bia hadi kwenye titi la yule binti wa vitani, wenzake wakacheka hadi kukohoa. Mwanamke wa mvua, yaani muuza maandazi wetu, alikuwa amerushiwa tone la mchuzi shavuni na hakuna aliyejali kulifuta. Nilikuwa nimewachora kwa mkono wangu, na nilitamani kuwavua mmoja mmoja kutoka ukutani na kuwafunika kanga.

Mama mkubwa aliingia akiwa ameshika mkoba mbele kwa mikono miwili, wanawake wanne nyuma yake. Hawakuwa na haja ya kutafuta. Picha yake ilikuwa ukuta wa mbele, na taa yake peke yake.

Wale wanne walisimama. Mmoja alianza kusema hongera, neno likaishia katikati. Wote wanamjua. Wanajua alirudishwa, wanajua kwa nini. Watu wetu hawapayuki, wala hawaulizi. Mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akauliza kwa sauti ndogo kama kuna fanta ya baridi, na wote wanne wakakubaliana kwa haraka kwamba wana kiu, wakaenda. Adabu ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko, maana kicheko ningeweza kukigombeza.

Bwana mwenye mgahawa alifika akiwa amefungua mikono. "Mama, umekuwa mungu," alimwambia. Mama mkubwa alimsalimia kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumwalika, akamwombea biashara njema. Bwana akaondoka ameridhika kabisa. Tukabaki wawili.

Aliitazama picha kuanzia chini, kwenye mizizi, akapanda polepole hadi juu.

"Nani alinivika urugori?"

"Ni mimi."

"Ulijua?"

"Sikujua, Mama mkubwa. Niliambiwa Jumatano."

"Na leo ni Jumamosi," alisema.

Nikaona afadhali nimwombe msamaha wa kitu kingine, kama waoga wanavyofanya. Nilimwambia anisamehe kwa macho yale na machozi na nyufa, kwamba ni mtindo tu, wateja wanaupenda.

"Haya macho ninayajua," alisema. "Kwa mume wangu ndivyo walivyoniona. Mama mkwe akipita na maziwa, akiniona anayafunika kwa kitambaa. Alisema jicho langu litakausha ng'ombe. Haya hukuyatunga wewe. Yaache." Alihamisha mkoba mkono mwingine. "Lakini urugori uondoe. Sijawahi kuvaa cha mtu."

"Mama," nilisema, "si wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea? Mimi ulinilea. Kama kuna mwenye haki ya..."

"Mama mkubwa," alinisahihisha, kwa sauti ile ile ya Ngara. "Na methali hiyo ni ya watu waliozaa. Wanaisema watoto wakiwachosha."

Kisha akaenda kunywa fanta na wenzake, akaketi nao saa nzima mgongo ukiwa umenyooka, chini ya taa ile, ili mtu yeyote asiseme kwamba alikimbia.

Jumatatu asubuhi nilirudi na kopo la rangi nyeusi na brashi. Nilimwambia bwana kwamba nataka kuongeza giza. Neno giza lilinifungulia mlango bila swali. Nilipanda juu ya meza, nikaufunika urugori wote, nikavuta nywele zishuke hadi kwenye nyusi. Hakukuwa na haja ya ufundi, nyeusi hukaa vizuri juu ya nyeusi. Nilipokuwa nashuka alikuja akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja. "Sasa ndiyo imekamilika," alisema. "Sasa inatisha kweli." Akaniuliza kama ninaweza kuwafanyia hivyo na wengine kumi na mmoja. Nilimwambia brashi imekwisha, nikashuka ngazi nikiwa nimeishika mkononi.

Ulibaki mchoro wa penseli. Huo sikuwa nimeugusa: mwanamke mwenye macho yake mwenyewe, anatazama chini kidogo, mahali palipokuwa na ungo, na urugori umemkaa juu ya paji kana kwamba alizaliwa nao. Sikuweza kuufuta. Nilimpelekea jikoni, nikamwambia huu ni wake, hautatoka nje ya nyumba, hakuna mtu atakayeuona zaidi ya sisi wawili. Nilitaka aelewe ninachomwambia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaupokea kwa mikono miwili, akaingia nao chumbani, na mimi nikalala usiku ule nikiamini nimelipa.

Baada ya wiki nilimkuta ameketi mezani pangu, kwenye taa yangu, miwani puani, na kifutio changu mkononi. Mchoro ulikuwa mbele yake. Alikuwa ameufuta urugori wote, kutoka sikio hadi sikio, kwa uangalifu hivi kwamba hakuchubua karatasi wala hakugusa unywele mmoja. Mahali pake palibaki paji la uso wake, wazi, lenye ile mikunjo miwili niliyoiacha kwa sababu utepe ulikuwa umeifunika. Alikuwa ameiongeza mwenyewe, kwa penseli yangu, mistari miwili inayotetemeka.

Alipuliza vumbi la kifutio, akanisogezea karatasi.

"Haya," alisema. "Huyu sasa ninamjua."